Kilo za Umi

Goma, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2002

Mama Mahamudi, bibi yangu Umi,

Ni mimi Yuma naandika, kwa mukono yangu mwenyewe. Usifikiri nimekaa mbele ya mutu wa ofisi. Modeste, ule anayepima mizigo kule kazini, aliniambia, muzee, lete nikuandikie, makosa yako ni mengi. Nikamuuliza, wewe umeoa? Akasema bado. Nikamwambia basi nyamaza. Barua ya bibi haipite kwenye mukono ya mwanaume mwingine. Herufi zangu ni kama kuku imepita kwenye matope, lakini wewe unaijua hiyo kuku.

Tangu ulienda Kindu kuzika mama yako, mwezi ya tatu inaisha. Ulisema siku kumi. Najua si kosa yako. Waasi wanashika muji, Mai-Mai wanashika pori, treni imekufa, na avio, ndege zote, zinabeba askari. Mutoto wetu Mahamudi naye yuko Lubumbashi, upande ule mwingine wa vita, hata salamu haipiti. Nimebaki na nyumba ya Majengo na paka ya jirani.

Sasa sikiliza. Nimepata kazi. Usicheke. Shirika moja la misaada limeleta elikopteri hapa kiwanja cha ndege, ya moteri mbili. Walitafuta mutu wa kuosha moteri. Nikawaambia, mimi niliosha moteri za elikopteri za jeshi la Zaire kule Kamina wakati ninyi wote mulikuwa munanyonya. Kapiteni Edmond, ndiye anaiendesha, akacheka. Halafu akaniona nikifanya. Hakucheka tena.

Nikueleze, kwa sababu najua utamueleza dada yako Ramla na utaharibu. Moteri ya elikopteri si kama ya kamyo ya mizigo. Inavuta hewa kwa mbele, mapanga madogo madogo ya ndani yanaifinya ile hewa, halafu inatiwa kerozeni na moto, ile moto inakimbia kutoka nje, na katika kukimbia inazungusha turbini. Turbini ndiyo inazungusha panga kubwa ya juu. Ni pumzi tu. Vumbi ikishika yale mapanga ya ndani, moteri inapumua vibaya, joto inapanda, nguvu inashuka. Hapo wanamwita Yuma. Unaizungusha ikiwa baridi, bila moto, unapuliza maji ndani, unaiacha kidogo, unazungusha tena mpaka maji machafu yaishe. Ni kama kuosha mutoto masikio. Ukiwa na mukono muzito unaumiza.

Na hii elikopteri inapeleka dawa Kindu. Kila mufanyakazi ana haki ya kiti kimoja cha familia, mara moja. Nimeandikisha jina lako. Subiri.

Yuma, mwosha moteri wa kwanza wa Goma

*

Kindu, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2002

Papa Mahamudi,

Barua imefika. Ramla ndiye aliyeichukua kiwanjani, maana mimi magoti yananisumbua kidogo na njia ni ndefu. Nimemsomea, akacheka mpaka akashika ukuta. Anauliza, mwosha moteri wa kwanza wa Goma, na wa pili ni nani?

Nimefurahi kwa kazi yako. Lakini usipande juu ya ile mashine bila mtu wa kukushikia ngazi. Una miaka sitini na saba, hata kama ukiulizwa unasema hamsini na kitu.

Sisi tuko wazima. Sombe ya majani ya mihogo ipo, samaki wa Lualaba wapo, tunakula vizuri. Usisikilize watu wanaosema Kindu kuna njaa, watu wanapenda kukuza maneno. Wewe ndiye najua unakula ugali na chumvi ukisema umeshiba.

Mapazia yangu uyafue. Na usilale na viatu vya mafuta juu ya mashuka yangu, nitajua.

Kiti hicho nakingoja.

Umi

*

Goma, tarehe 27 mwezi wa kwanza 2002

Umi,

Najua radio imekwisha kukuambia ya mulima. Niko muzima. Soma tena hapo kabla ya kuendelea, niko muzima.

Ilikuwa siku ya alhamisi. Nyiragongo ilipasuka kwa ubavu, moto ikashuka kama uji, polepole, mutu anaweza kutembea mbele yake, lakini haigeuki kwa mutu yeyote. Ilipita katikati ya muji mpaka ziwani. Ilipita kwenye kiwanja, ikakula kichwa ya pisti, ile njia ya avio kukimbilia. Sasa avio kubwa haziwezi kutua. Ni elikopteri tu.

Kesho yake Kapiteni Edmond akasema kuna familia imebaki katikati ya ndimi mbili za moto, juu ya kipande cha ardhi kama kisiwa, na mawe yanaungua pande zote. Elikopteri ikaenda. Ilisimama hewani, hakuna pa kutua, wakawavuta na kamba mumoja mumoja. Mama mumoja alipanda na sufuria yake ya maharagi, hakukubali kuiacha. Watu wanamusifu kapiteni. Wamusifu. Lakini uliza moteri ilioshwa na nani juzi yake.

Nyumba yetu ni nzima. Moto ilikuja mpaka karibu, ikapita mbali kidogo. Nafikiri iliniona nimesimama mulangoni. Mapazia yanapepea vizuri. Tena ukiandika, waambie barua waniachie kiwanjani tu, kwa sababu mara nyingi niko Keshero kwa Nsimire, yule mama wa Bukavu aliyekuwa anauza sabuni karibu na sisi. Ni kwa ajili ya maji.

Sasa jambo lenyewe. Siku ile elikopteri ilivuta majivu. Majivu ya mulima si kama ya jikoni. Ni mawe yaliyosagwa. Yanakwaruza mapanga, yanashika, na yakifika penye moto yanayeyuka yanakuwa kioo. Moteri zinakohoa. Hilaire, fundi mukubwa, amefungua, amesema zitaishi, lakini nguvu imepungua. Kwa hiyo kapiteni amepunguza uzito. Kutoka Kindu si shida, Kindu iko chini, hewa ni nzito, moteri inakula vizuri. Shida ni kutua Goma. Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, moteri inapumua kama muzee kwenye kilima.

Modeste anataka kujua una kilo ngapi.

Yuma

*

Kindu, tarehe 5 mwezi wa pili 2002

Yuma,

Nimelia na nimeshukuru Mungu, halafu nikafika mwisho wa barua yako.

Mwanaume gani anamuuliza mke wake kilo zake kwa barua inayopita mkononi mwa rubani? Mimi ni gunia la mihogo?

Haya. Niko vile ulivyoniacha. Mwambie huyo Modeste themanini na mbili, kama ile siku ya Rutshuru uliponipandisha kwenye balansi, ile mizani ya kahawa, mbele ya madereva wote. Ulitembea njia nzima ukisema, muangalie bibi yangu, mutu ambaye bwana yake hafanyi kazi anaweza kuwa hivi? Nilitaka ardhi inifunike. Lakini sikuwa na hasira sana. Ujue hilo.

Na huyo Nsimire ana maji gani ambayo sisi hatuna? Tangu lini wewe unaenda Keshero kuchota maji?

Ramla anakusalimia. Naandika nimelala, uvivu tu, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Umi

*

Goma, tarehe 12 mwezi wa pili 2002

Umi wangu,

Themanini na mbili haiingii.

Nilibishana na Modeste mpaka akaweka mikono kichwani. Anasema kwa hizi moteri, kiti chako kina kilo hamsini, basi. Nikamwambia, hamsini ni bibi ya nani? Hamsini ni mutoto wa shule. Akasema muzee, si mimi, ni joto ya moteri. Wakati wa kutua Goma sindano ya joto inagusa nyekundu, hakuna pa kuongeza.

Nikalala nikiwaza. Asubuhi nikapata. Wewe una themanini na mbili. Tena mimi nimesema tisini na mbili, kwa sababu nimeishi na wanawake, wakitaja kilo wanapunguza. Usikasirike. Kwa hiyo zinatakiwa kilo arobaini na mbili zaidi. Na hizo kilo ziko wapi? Ziko ndani ya moteri, zimefunikwa na majivu. Nitaziosha mpaka zitoke. Joto ikishuka, nguvu inapanda, na ile nguvu ni wewe.

Shida kidogo ni maji. Bidoni za maji safi ya kuoshea zilikuwa katika depo, na depo iko chini ya mawe. Mabomba ya muji yamekufa. Lakini nani atakosa maji Goma, ziwa Kivu iko hapa inalala bure. Hilaire akasema kitabu cha moteri kinataka maji yasiyo na kitu. Nikamwambia, hicho kitabu kiliwahi kunywa Kivu? Sisi tunakunywa tangu tuzaliwe, tuna kitu gani? Amekwenda Bukavu kutafuta vyombo. Kesho naosha.

Andaa nguo zako.

Yuma, anayekuja kukutoa

*

Goma, tarehe 20 mwezi wa pili 2002

Umi,

Usiandae nguo kwanza.

Moteri haikufurahi. Niliosha vizuri, mukono mwepesi, kila kitu. Siku ya kwanza ikazunguka tamu. Siku ya tatu sindano ikapanda kuliko zamani. Hilaire aliporudi akaingiza kioo cha kujiangalia ndani aone, halafu kidole, akakitoa mbele yangu, kimekuwa cheupe kama amegusa chaki. Akakipangusa kwenye shati yangu. Afadhali angenitukana.

Kapiteni Edmond ameondoa hata zile kilo hamsini. Sasa elikopteri inakuja kwenu na dawa tu na inarudi tupu. Ameniambia, papa, pumuzika kidogo, usiguse moteri. Mimi. Amenipa ufagio nifagie majivu kwenye kiwanja ili panga lisiyainue. Nafagia. Kiwanja changu ni safi kuliko ofisi yao.

Wanasema ni maji. Inawezekana moteri ilikuwa na ugonjwa wake wa zamani.

Hili la ufagio usimwambie Ramla.

Yuma

*

Kindu, tarehe 28 mwezi wa pili 2002

Papa Mahamudi,

Ramla alikuwa ananishikia taa wakati nasoma, kwa hiyo amejua. Hajacheka. Amesema pole.

Sasa nikuulize kitu. Birika letu la chai. Unakumbuka lilivyokuwa ndani? Ngozi nyeupe, ngumu, mpaka nikaitoa kwa kisu. Nani alikuwa anapiga kelele kila asubuhi, Umi, usinichemshie chai na maji ya ziwa, yanaua birika, tega maji ya mvua? Ulinipigia kelele miaka ishirini kwa ajili ya birika. Halafu moteri ya watu, yenye mapanga membamba kama kucha, unaipa ziwa lote. Birika unalihurumia kuliko mimi ninayetaka kupanda hiyo moteri?

Usinijibu kwamba ni ugonjwa wa zamani. Nakujua ukiwa na aibu, unaandika mistari mifupi.

Tega mvua, Yuma. Mwezi wa tatu umefika, mvua inakuja.

Jambo lingine. Amepita hapa muuza mafuta ya mawese aliyetoka Goma kwa njia anazojua yeye. Anasema Majengo yote ni mawe meusi, mtu hajui hata pale palipokuwa na barabara. Nikamwambia mume wangu anaishi Majengo na mapazia yanapepea. Akaniangalia, akabadilisha mazungumzo, akaniachia kikombe cha mafuta bila kusema bei.

Mapazia yangu ni rangi gani siku hizi, Yuma?

Umi

*

Goma, tarehe 13 mwezi wa tatu 2002

Umi,

Mapazia ni rangi ile ile ya zamani.

Habari ya moteri ni ndefu, kaa vizuri.

Nilikuwa nimekwisha kufikiri mvua kabla ya barua yako. Karibu. Mvua za kwanza nimeziacha ziende, zilikuwa zinaosha majivu kwenye manjanja, mabati ya nyumba za watu, maji meusi kama wino. Nikangoja mpaka bati la musikiti likawa linang'aa. Imamu akanikubalia. Nikaweka mapipa, nikachuja na shuka nyeupe mara nyingi, nikaacha yatulie, nikachuja tena. Nikachemsha kidogo katika sufuria mpya ya Nsimire mpaka ikakauka kabisa. Chini hakukubaki kitu, hata alama. Nikabeba ile sufuria na bidoni zangu mpaka kiwanjani.

Kapiteni akasema hapana. Nikakaa chini mbele ya elikopteri. Akasema, papa, simama, utapata homa. Nikamwambia siombi kazi, kazi nitafagia mpaka nife, naomba kilo. Akasema kilo gani? Nikamwambia za bibi yangu, nilizificha mwenyewe ndani ya moteri yako, sasa nataka kuzitoa. Hilaire ndiye akachukua sufuria, akaiangalia chini, akapitisha kidole. Akasema, Kapiteni, haya ni bora kuliko yale tuliyokuwa tunanunua, mimi nitasimama naye.

Tukaosha. Maji ya kwanza yakatoka kama maziwa. Tukaacha, tukarudia. Tukarudia tena siku nyingine. Kioo kilichoshika penye moto hakitoki kwa maji, hicho kitabaki mpaka wabadilishe vyuma. Lakini mapanga ya mbele yanaonekana kama vijiko vya arusi.

Halafu kapiteni akasema tujaribu na uzito. Modeste akaleta magunia ya unga. Nikasema hapana, hayo hayatawekwa ovyo ovyo nyuma. Nikachukua gunia moja na bidoni mbili, tukapima, tisini na mbili sawasawa, nikaviweka kwenye kiti chako karibu na dirisha nikavifunga mukanda. Kapiteni akaangalia nyuma akasema, bonjour mama. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikakaza mukanda tena.

Elikopteri ikainuka. Ikasimama hewani, pale pale, na wewe ndani. Niliangalia mapanga, sikuangalia kitu kingine. Kapiteni aliposhuka alinionyesha sindano ilipofika. Nyekundu ilikuwa mbali.

Umi, una kiti. Safari inayokuja, Mungu akipenda. Njoo vile vile ulivyo, mwili wako wote, usiache hata kidogo kule.

Nikikupokea nina maneno kidogo ya kukuambia kuhusu nyumba. Si mabaya. Ni maneno tu.

Yuma

*

Kindu, kiwanjani, tarehe 21 mwezi wa tatu 2002

Yuma,

Naandika juu ya boksi la dawa, Modeste ananingoja. Nimemwambia akupe barua hii kabla hujanitafuta kati ya watu, kwa sababu utamtafuta yule mwingine.

Ramla alinileta kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Modeste akanipandisha kwenye balansi. Akaangalia, akanishusha, akaipiga kidogo kwa mguu, akanipandisha tena. Arobaini na sita. Akaniuliza, mama, bwana yako amepakia kilo tisini na mbili, nyingine ziko wapi? Nikamwambia nimezila.

Hakucheka. Akasema, mama, lakini tungekubeba tangu mwezi wa pili, kiti kilikuwa na hamsini. Nikamwambia najua. Nilisoma.

Nikueleze, ili usije ukapiga watu kelele. Hapa hakuna sombe, Yuma. Anayekwenda shambani harudi, kwa hiyo hakuna anayekwenda. Tumekula majani ambayo sikuwahi kujua majina yake. Nikikuandikia hivyo wewe ungefanya nini? Ungekuja kwa miguu. Nakujua. Ungeingia pori hilo na kofia yako ya Kamina na wangekuua siku ya kwanza, bado unawaambia wewe ni nani. Basi nikakuandikia samaki.

Halafu ukauliza kilo. Hapo sikuwa na sababu nzuri. Nilikaa na kalamu nikaona ile balansi ya Rutshuru, na wewe unavyotembea ukijisifu. Nikasema, akinipata hivi nilivyo atamsifu nani? Nikaandika themanini na mbili. Nilifikiri nitanenepa kidogo kabla ya safari. Ulipoandika hamsini inaingia, nilishika kalamu nikuambie, nikaiweka. Wewe ulikuwa umekwisha kusema hamsini ni mtoto wa shule.

Modeste ameniambia ya bashi. Anasema moto ilikula nyumba yetu, unakaa chini ya plastiki kwenye uwanja wa Nsimire, na kwamba kila siku unafagia mlango ambao si mlango. Ameniambia kwa huruma, usimgombeze. Sina hasira. Mapazia yalikuwa yamechakaa.

Sasa sikiliza lililo kubwa. Ulitafuta kilo tisini na mbili. Mimi nimechukua nusu. Nilimwendea kapiteni mwenyewe, nikamwambia, hizo zinazobaki ni zangu, mume wangu alizitoa ndani ya moteri kwa ajili yangu, nataka kumpa dada yangu. Akamwangalia Ramla. Akamwambia panda kwenye balansi. Arobaini na tano.

Tumekaa pamoja karibu na dirisha. Hapana, bado hatujakaa, ndiyo tunaitwa. Moteri imeanza kupiga mluzi. Ramla hajawahi kupanda hata kamyo, ananishika mkono mpaka unauma, ananiuliza kama chuma hiki ni kizima. Nimemwambia namjua aliyekiosha.

Umi

*

Goma, kiwanjani, tarehe 23 mwezi wa tatu 2002, asubuhi

Umi,

Ulikuwa umelala, sikukuamsha. Modeste atamuletea Nsimire hii karatasi, naye atakupa pamoja na sufuria.

Kwanza tusafishe maneno. Modeste anaeneza kwamba juzi nilikupita bila kukujua na nikaenda mpaka mwisho wa watu nikiuliza bibi yangu yuko wapi. Si kweli. Barua yako alinipa nyuma, wakati nimekwisha kukimbia. Na nilikupita kwa sababu moteri zilikuwa bado zinazunguka, na mwosha moteri lazima asikilize zinavyozima, kama kuna kitu kinagusa. Ni kazi. Nilikuwa nimegeuza sikio kule wakati uliponishika shati kwa nyuma. Sikuangalia nani. Mukono niliujua.

Halafu nilipangusa macho nilipoona uso wako, ni kweli, lakini hata hiyo ilikuwa ni kerozeni machoni.

Katika sufuria kuna ugali na sambaza, samaki ndogo za ziwa. Kuna mboga ya lenga-lenga. Ramla ale, lakini wewe kula mbele yake, na usimugawie ya kwako, nimemuwekea ya kwake chini ya kifuniko. Kula polepole, tumbo lenye njaa ndefu linakasirika. Hema ikipiga kelele ni upepo tu wa ziwa, kamba nilifunga mwenyewe, haiendi popote. Jumapili Modeste na Hilaire watakuja tuanze kusawazisha mawe pale Majengo. Nimepima kwa hatua kutoka musikitini, najua mulango wetu ulikuwa wapi.

Leo nimeosha moteri tena, zote mbili. Hilaire ameniuliza, muzee, elikopteri haina safari mpaka wiki ijayo, unaosha ya nini? Nimemwambia bibi yangu ameanza kula.

Yuma